Mlo wa Mwisho ni Saa Tano

Jumamosi, 2 Agosti

Mwanangu wa duka la dawa,

Tumefika salama. Dawa nazo zimefika salama. Nimezifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya chungu kama ulivyonielekeza, na chumba hiki kina ubaridi wa kutosha. Mdogo wako yuko jikoni anakata vitunguu. Redio wetu, ambaye tangu azaliwe hatujapata kumsikia akipiga muziki, hatimaye amepata nyumba inayomfaa.

Sasa nisikilize, maana kesho siku za kutafakari kimya zinaanza, tunafungwa midomo. Hapa mlo wa kwanza ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na wa mwisho ni saa tano. Baada ya hapo ni chai ya rangi isiyo na sukari, basi, mpaka kesho yake. Najua utakachosema. Usikiseme. Nimeshapanga: kila saa tano nitabakiza mkate na kiazi kwenye leso, nile jioni baada ya kujidunga. Na chini ya mto nina asali na glukosi, ikitokea sukari imeshuka. Nimeishi na kisukari muda mrefu kuliko ulivyokaa wewe kwenye hilo duka lako.

Ulikuwa umesimama pale Mlezi wa nyumba aliponiuliza kwa simu kama nina maradhi, nikamwambia afya yangu ni njema, ukanikodolea macho. Mwaka jana nilisema ukweli kwenye nyumba nyingine, nikajibiwa kwa sauti laini kwamba nipone kwanza. Kupona kisukari. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona si ya kicheko.

Mdogo wako asijue. Yule mtoto hasemi kitu, lakini kila anachokijua kinajiandika usoni mwake. Uliniapia, nami nakishika kiapo chako.

Mtunze huyo mgeni tumboni.

Shangazi yako


Jumanne, 5 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ulitaka nikuandikie ukweli wote, kwa hiyo naanza na huu: nina njaa.

Sisi wa jikoni hatulazimiki kufuata ratiba ya wanaotafakari. Mpishi, ambaye wote wanamwita Mama Masufuria, anakula wali wake jioni palepale mbele yangu, tena kwa sauti. Mimi ndiye niliyejiamulia. Nilifikiri kama Shangazi anaacha kula saa tano, na mimi niache, ili tuwe pamoja katika jambo moja, maana kuzungumza naye siruhusiwi, wala kumwangalia machoni. Tunapishana kwenye korido kama watu waliogombana.

Njaa yenyewe nimeanza kuizoea tabia zake. Saa nane mchana inabisha hodi kidogo. Saa kumi na moja, wakati wa chai, inakuja na ukoo wake wote. Nikipita hapo bila kuingia stoo, ikifika saa mbili usiku inachoka yenyewe na mimi nalala. Mama Masufuria amenifundisha kwamba ule mlo wa saa tano nisijaze tumbo kwa mkate na chai. Nile maharage mengi na mboga, nitafune taratibu, hayo ndiyo yanayokaa. Na maji ninywe kabla sijasikia kiu. Jana nilijisahau nikala mkate mtupu, na alasiri mkono ulikuwa unatetemeka nikiwa nimeshika kisu. Akaniangalia, akasema, "Wewe mtoto, hapa hatutoi medali," akanipa ndizi. Nikakataa. Usiku nikaiota.

Kazi yangu ni kupakua. Nasimama nyuma ya meza, nao wanapita kwa mstari, macho chini, wamenyoosha sahani. Hakuna anayesubiri niseme kitu. Unajua nilivyokuwa shuleni, mwalimu akinitaja tu nainamia daftari. Hapa naonekana mtu wa kawaida kabisa.

Ila kuna jambo moja, na nisipokuambia wewe sina wa kumwambia. Shangazi anaiba chakula. Sijui niite vipi. Kila saa tano ananionyesha kwa kidole nimwongezee mkate na kiazi, halafu nusu anaifunga kwenye leso chini ya meza. Nimemwona kwa macho yangu. Njia nzima alinihubiria juu ya kuitawala nafsi, na sasa yeye ndiye wa kwanza kushindwa. Sijamwambia mtu. Lakini nimeumia.

Mdogo wako,
Redio

N.B. Mama asijue kwamba sili jioni.


Jumatano, 6 Agosti

Redio wangu,

Marahaba. Barua yako imenichekesha, kisha nimekula ndizi mbili kwa niaba yako. Aliye tumboni ameshukuru. Shemeji yako anasema siku hizi nikiingia nyumbani tumbo linatangulia kusalimia, mimi nafika baadaye.

Kuhusu Shangazi, tafadhali mwache. Mtu mzima akifunga mkate kwenye leso ana sababu zake. Wewe mpakulie anachotaka, umwongezee na kingine. Halafu uniandikie: jioni anaonekanaje? Anatembea sawasawa? Anatoka jasho? Usiniulize kwa nini nauliza. Ni mawazo ya mjamzito, hata panya akipita dukani naona balaa.

Na wewe ule. Kutetemeka na kisu mkononi si utakatifu. Kama umeng'ang'ania ratiba yao, basi mlo wa asubuhi usiuruke hata siku moja, na siku ukisikia kizunguzungu kula bila kumwomba mtu ruhusa.

Bosi amesimama kaunta ananitazama kama nimeficha vidonge kwenye soksi. Nilikuwa na jambo la kukuambia, nimeliandika mara mbili na nimelikata mara mbili. Siku nyingine.

Dada yako


Ijumaa, 8 Agosti, asubuhi

Dada,

Naandika nimesimama. Dereva wa mboga anashusha nyanya, akimaliza anaondoka.

Ulisema nimwache Shangazi, na nilijaribu. Lakini leo sisimizi wameingia bweni la wanawake, mstari mrefu kutoka dirishani mpaka chini ya kitanda chake. Mlezi ameuona. Amebandika tangazo mlangoni, wao wakiwa wameshaingia ukumbini: adhuhuri kila kitanda kitakaguliwa, na atakayekutwa na chakula atafungasha leo leo.

Unajua alivyoitamani safari hii. Tangu nikiwa mdogo namsikia akisema siku moja atakwenda mahali akae kimya. Nikamfikiria anatoka getini na begi lake mbele ya watu wote.

Kwa hiyo wakiwa bado huko ukumbini, baada ya mlo wa saa tano, niliingia na ufagio. Chini ya mto nilikuta mkate, viazi, chupa ndogo ya asali na pakiti ya unga mweupe. Nikauonja. Mtamu tu, kama sukari. Dada, nilimwonea huruma. Mtu mzima anaramba sukari kwa kujificha kama mtoto wa chekechea. Nikavitia vyote kwenye ndoo ya majivu, nikavimwaga shimo la takataka nyuma ya jiko, nikawafagia sisimizi, nikatandika kitanda vizuri. Wakija hawataona kitu.

Hatajua ni mimi, na mimi sitamwambia. Leo atakaa na njaa kama wenzake, na pengine kesho atafurahi kwamba ameishinda. Tangu tufike, hili ndilo la kwanza la maana nililomfanyia.

Umeuliza jioni anaonekanaje. Yuko sawa, anatembea sawa. Usiwe na wasiwasi.

Dereva anapiga honi.

Redio


Ijumaa, 8 Agosti, saa tisa alasiri

Mdogo wangu,

Soma hii ukiwa unatembea. Usikae.

Shangazi ana kisukari. Anajidunga insulini asubuhi, na tena saa kumi na moja jioni kabla ya kula. Ule mkate ndio chakula chake cha jioni. Ule unga ni glukosi, ya kumwokoa sukari ikishuka. Sindano ikiingia mwilini na chakula kisiingie, sukari inashuka mpaka mtu anapoteza fahamu, na asiposaidiwa anaweza kufa. Aliniapisha nisimwambie mtu, nikatii. Hilo ni langu, tutalizungumza siku nyingine.

Tangu dereva aniletee barua yako napiga simu ya ofisi. Imezimwa. Dereva hapandi tena huko mpaka kesho. Nilitaka nije mwenyewe kwa pikipiki. Mwenye pikipiki akaliangalia tumbo langu akasema, "Mama, barabara ile ina mawe, mimi sikuzalishi njiani," akakataa katakata. Nimempa barua na glukosi. Nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine yeyote ila wewe.

Fanya hivi. Kama hajajidunga, asijidunge mpaka chakula kiwe mbele yake. Kama ameshajidunga na yuko macho, mpe chai yenye sukari nyingi au glukosi kwenye maji, halafu mkate. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo au amekasirika bila sababu, ndiyo yenyewe hiyo. Usibishane naye, mpe anywe. Kama hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

Najua huwezi kuongea mbele za watu. Leo utaongea.

Dada yako


Jumamosi, 9 Agosti

Dada,

Yuko hai. Naanza na hilo.

Barua yako ilifika jua likishuka. Mlinzi wa geti alitaka kuipeleka ofisini ikae mpaka kesho, na mwenye pikipiki akagoma. Kutoka jikoni nilimsikia akimwambia kwamba kama ukimya wao unaua mtu, yeye atapiga kelele mpaka bonde lote lisikie. Nikakimbia kuichukua. Nilisoma nikitembea. Chai ya jioni ilikuwa imeshanywewa, kengele imeshalia, na wote walikuwa ukumbini.

Sijui nikueleze vipi ukumbi ule. Watu wamekaa sakafuni wamefumba macho, na hakuna anayetikisika. Ndicho walichokuja kukitafuta, kutotikisika. Anayetafakari vizuri na anayezimika wanafanana. Wanawake wote walikuwa wamejifunika shuka za kijivu za nyumba, wamenipa migongo, na sikujua yupi ni wetu. Nilisimama mlangoni na kikombe, na jagi la chai niliyoitia ile glukosi uliyotuma na sukari kwa kiganja, nikashindwa kuingia. Nitakuambia ukweli. Nilijiambia labda hajajidunga. Nilijiambia kikao kitakwisha sasa hivi, nitampata akitoka. Nilikuwa natafuta sababu, na zilikuwa zinakuja.

Halafu mwanamke mmoja akainama mbele kidogo, akajirudisha, akainama tena kama mtu anayesinzia. Nikamjua kwa shingo.

Mlezi alinyoosha kiganja kunizuia, nikapita. Shangazi alikuwa amelowa jasho, nywele zimegandamana shingoni, midomo inacheza bila sauti. Nikamwita, sauti haikutoka. Nikamwita tena, ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na ukumbi mzima ukageuka.

"Shangazi, kunywa."

Aliniangalia kama hanijui. Akaniuliza nani amenituma, kama nimekuja kumpekua tena, akaupiga mkono wangu na chai ikamwagika yote kwenye mkeka. Mlezi akaninong'oneza nitoke. Alisema wanaotafakari wakati mwingine hulia, hukasirika, ni kawaida, huachwa mpaka yapite. Alisema kwa upole sana, na huo upole ndio ulionitisha.

Nikasema, "Haya hayapiti. Ana kisukari, amejidunga na hajala. Chakula chake nimekitupa mimi. Naombeni mtu amshike."

Hakuna aliyesogea. Wiki nzima walikuwa wanajifunza kutosogea. Kisha yule aliyekaa jirani yake, mama mmoja ninayempakulia kabichi kila siku na sijawahi kusikia sauti yake, akapiga magoti akamkumbatia kwa nyuma, akaanza kumwambia taratibu kama anambembeleza mtoto: kunywa mwenzangu, kunywa kidogo tu, mimi nipo. Kikombe cha pili nusu kilimwagika. Cha tatu kilishuka chote. Mlezi alikuwa ameshakimbilia gari, na alitupeleka hospitali bila viatu.

Muuguzi alipompima aliitazama mashine, akampima tena. Amelazwa mpaka daktari aridhike. Nilipoingia wodini leo asubuhi alikuwa macho. Aliponiona, aligeukia ukutani.

Nimerudi jikoni kwa sababu sikujua pa kwenda. Mama Masufuria amenipakulia mara mbili, na mara mbili nimerudisha. Safari hii si ratiba. Chakula hakipiti.

Redio


Jumapili, 10 Agosti

Redio,

Kwanza nikukaripie, mengine baadaye. Huingizi mkono chini ya mto wa mtu. Hata awe shangazi yako, hata kuwe na sisimizi wa dunia nzima. Hilo limekwisha.

Dada yako amekuja na shemeji yako, na machozi yake, na tumbo lake, akakaa kwenye kitanda changu mpaka kikapiga kelele. Nilimkaripia naye. Kisha nikamwomba radhi, maana nilimbebesha kisichobebeka. Na wewe nakuomba radhi. Niligeukia ukutani kwa aibu, si kwa hasira.

Nikuambie jambo nisilomwambia mtu. Tangu nianze sindano sijakula sahani moja bila kuhukumiwa. Harusini, msibani, kwa mama yenu, nikigusa kipande cha keki watu wanakatisha mazungumzo. Wananipenda, najua. Nilichoka kupendwa hivyo. Niliposikia kuna nyumba ambako watu wote hutazama chini wakati wa kula, moyo wangu ulikwenda huko kabla ya miguu. Wenzangu walikuja kutafuta utulivu. Mimi nilikuja kula bila kutazamwa.

Ijumaa nilijidunga kabla ya kuinua mto. Sifanyi hivyo kamwe, chakula huwa mbele kwanza, lakini siku zilikuwa zimekwenda vizuri nikajiamini. Nikakuta pamefagiwa. Nilidhani Mlezi amejua na ananisubiri nimfuate. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na nilikuona kabisa ukiosha masufuria. Ningekuja kuomba kipande cha mkate. Nikaona ni heri nikakae ukumbini nivumilie. Kwa hiyo usijipe ukubwa wa kufikiri ni wewe peke yako uliyetaka kuniua.

Mlezi amekuja hapa. Alikaa muda mrefu bila kusema, ukaniingia woga kwamba ndivyo walivyo hata hospitalini. Kisha akasema daktari akikubali nirudi nimalizie. Ila chakula cha jioni nitakula waziwazi, jikoni, kikiwa mezani kabla ya sindano, na mtu akae nami mpaka nimalize. Amekutaja wewe. Nimemjibu nitafikiri. Ukweli ni kwamba nataka kurudi kuliko ninavyoweza kusema, na siwezi kutafuna huku umenikalia kama mlinzi wa benki. Niambie nifanyeje, maana mimi sijui.

Shangazi yako


Jumapili, 10 Agosti, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa mto. Sitarudia.

Shemeji amenisubiri nje, anataka kurudi na jibu, kwa hiyo nisipoandika vizuri utanivumilia.

Nimeongea na Mama Masufuria. Meza ya jikoni tumeisogeza dirishani, inatazama bustani ya kabichi. Viti viwili tumeviweka upande mmoja, vinaangalia nje. Tutakaa bega kwa bega. Sitaiona sahani yako hata nikitaka, labda nipinde shingo, na Mama Masufuria ameapa nikipinda atanipiga mwiko. Amesema atapakua sahani mbili sawasawa.

Mimi niliacha kula jioni ili niwe pamoja na wewe, na kumbe wewe ulikuwa unakula. Tulipishana bure. Tangu Ijumaa nimejaribu kula mchana, asubuhi, hata ile ndizi, imeshindikana. Lakini shemeji alipoleta barua yako nimeisoma mara ya pili nikasikia tumbo linanguruma, mpaka yeye akacheka.

Rudi, Shangazi. Mimi pia nina njaa.

Redio